Nani aliuua mwembe wetu

Naomba nianze na kesi. Ni kesi kabisa ila haikufika polisi, na namshukuru Mungu haikufika. Mwezi wa kumi mwaka 2021 mwembe wa nyumbani kwetu Isevya, hapa Tabora mjini, ulikauka, na mimi mshukiwa nilikuwa naye tayari, ushahidi ninao, sababu yake naijua, kwa hiyo karibu mwaka mzima nilikuwa nikipita getini kwake asubuhi nasema "shikamoo mzee" kwa mdomo tu huku moyoni nasema wewe ndo umeniulia mti wangu, subiri.

Mti wenyewe ulikuwa wa mbegu, siyo hii miche ya kubebesha ya siku hizi inayozaa ikiwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Marehemu baba alinunua kiwanja 1979 akaukuta umesimama, na aliyemuuzia naye aliukuta. Watu wazima wawili wakishikana mikono hawalizungushi shina lake. Embe zake za nyuzi, ukila unashinda unachokoa meno mpaka magharibi, ila utamu wake acha tu, na mama alikuwa anaweka ungo pale nje kila Desemba, fungu moja embe tano, sare zangu za sekondari zimetoka kwenye ule ungo. Chini yake ndo lilikuwa jiko letu kiangazi kizima, chini yake walikaa wazee waliokuja kuleta mahari ya dada, chini yake jeneza la baba lilitua kabla ya kwenda makaburini. Nayasema haya mjue kwamba sikuwa nalilia kuni.

Kwa ambaye hajafika Tabora: mji umekaa tambarare, juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mvua zinaanza Novemba zinakata Aprili, huko kwingine miezi sita hakuna kitu, vumbi, na ikifika Oktoba jua linashuka kabisa kuja kukaa na sisi. Ukiona watu wamesimama mstari mmoja ulionyooka barabarani usidhani ni foleni ya kitu, ni kivuli cha nguzo. Ofisi zetu nusu ziko nje: kijiwe cha bodaboda chini ya mti, fundi baiskeli chini ya mti, madrasa chini ya mti, ndugu wa mgonjwa wanaosubiri muda wa kuingia wodini chini ya mti. Na mti huo mara nyingi ni mwembe. Wazee wanasimulia kwamba misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inakula embe inatupa kokwa, ndo maana miembe imefuata njia. Kwamba ni kokwa za kutupa au walipanda kwa makusudi sitaki ugomvi, ila mwembe siyo mti wa hapa, asili yake India na majirani zake, ukafika pwani ukapanda bara na biashara. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo ya kuombewa Urithi wa Dunia. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapa 1857, enzi hizo Waarabu wanapaita Kazeh, Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, miezi kadhaa mwaka 1872, reli ikafika 1912. Wote hao wamepoa kwenye kivuli. Na tusijisahaulishe, biashara yenyewe ilikuwa ya pembe na ya watu, kwa hiyo siyo kila aliyekaa chini ya miembe ile alikaa kupumzika, wengine walikalishwa.

Basi turudi kwenye kesi.

Mwaka 2018 nikapata vihela, nikasema nyumba ya baba nayo ipendeze. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo, mvua ikinyesha ni tope mpaka sebuleni, kiangazi ni vumbi na majani ya mwembe ambayo mke wangu alikuwa anafagia asubuhi na jioni kama adhabu. Fundi akaja akatembea akashika kiuno akasema bosi hapa dawa ni pevingi, ila lazima tuinue uwanja kwanza maji yasirudi ndani. Zikaja tripu tatu za kifusi cha moramu. Wakamwaga, wakasawazisha, uwanja ukapanda kama futi moja na nusu hivi, ikaja kompakta ile mashine ya kutetema, ikashindilia siku mbili mpaka vyombo vinagonga kabatini, halafu juu yake mchanga, juu ya mchanga bloku nyekundu na za kijivu, mpaka kwenye shina la mwembe kabisa, wamezikata kwa grinda zikazunguka shina bila kuacha hata upenyo wa kidole. Nilipiga picha nikaweka stetasi. Watu wakasema hongera. Ninayo mpaka leo hiyo picha na nikiiangalia naona kila kitu, wakati ule sikuona kitu.

Msimu uliofuata mwembe ulizaa haijawahi kutokea. Matawi yanagusa chini, embe tunagawa, tunauza, popo wanakula usiku wanamwaga kokwa juu ya pevingi mpya, mama mkwe kaja na gunia kaondoka na gunia. Nikasema unaona, hata mti umefurahia usafi. Wallahi nilisema hivyo, mbele za watu.

2020 majani yakatoka madogo. Sikujali. Baadae ncha za juu kabisa zikaanza kubaki tupu, vijiti vimenyoosha juu kama vidole vya mtu anayezama. 2021 gome likaanza kuachia upande wa magharibi, nyuki waliokuwa kwenye tundu la tawi kubwa wakahama, na Oktoba, wakati miembe mingine mtaani imebeba embe mbichi za kula na chumvi, wa kwetu ukawa umesimama hauna jani hata moja.

Sasa mshukiwa. Jirani yangu upande wa magharibi ni mzee mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, na kwa miaka alikuwa analalamika majani ya mwembe wetu yanaziba mfereji wa bati lake na embe zinamgongea paa usiku kama majambazi. Aliwahi kuniambia kabisa, "Mwanangu, huo mti wako siku moja tutaelewana nao." Mimi hiyo kauli niliihifadhi. Halafu, na hapa ndo ushahidi, pembeni ya shina upande wa kwake kulikuwa na doa jeusi la oili kwenye ufa wa pevingi. Na kila mtu anajua ukitaka kuua mti wa mtu kimyakimya unamwaga oili chafu au chumvi ya gunia. Shangazi yangu yeye alikataa habari za oili, alisema oili haiui mwembe mkubwa vile, hapo pana mkono wa mtu na mkono wenyewe siyo wa kawaida, akataka kumleta mtaalamu wake kutoka Sikonge. Nikamwambia shangazi tulia. Ila sikumkatalia sana, ndo ukweli.

Mti mkavu mjini hauachwi, tawi likidondoka ni kichwa cha mtoto. Nikaomba kibali, wakaja vijana na msumeno wa mashine na kamba, wakaushusha vipandevipande kutwa nzima. Zilitoka gunia tisa za mkaa. Mama yangu angekuwepo sijui ningemwambiaje.

Kiangazi kilichofuata ndo nikajua tulikuwa tunaishi kwenye nini. Saa nane mchana mwanangu alitoka pekupeku kwenda kuchukua mpira, akafika katikati ya uwanja akaanza kuruka kama yuko kwenye kikaango, tukamwokoa na ndala. Ukuta wa chumba cha upande ule ukiushika saa nne usiku bado wa moto. Tukanunua feni mbili, luku ikawa inaisha kabla ya mwezi. Nilikuwa nadhani kazi ya mti ni kivuli tu, yaani kukinga jua kama mwavuli, kumbe mwavuli ni nusu ya habari. Mti unanyonya maji chini unayatoa hewani kupitia majani, na maji yakigeuka mvuke yanachukua joto na kuondoka nalo, ni ile kanuni ya mtungi wa udongo unaopoza maji kwa kutoka jasho. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa zaidi ya lita mia moja kwa siku. Mimi nilikuwa na mtungi wa namna hiyo uani, wa bure, hauna luku, nikaubadilisha na tofali linalokunywa jua mchana na kulitapika usiku.

Septemba 2022 tukawa na harusi ya binti wa dada. Akaja shemeji mmoja aliyesomea misitu Olmotonyi kule Arusha, mtu wa kuchekacheka, muda mwingi anaongelea mpira. Watu wanakula pilau yeye kaenda kuchuchumaa kwenye kisiki. Anakizunguka. Anagonga pevingi na kisigino. Halafu akaniita akaniuliza swali moja tu: "Shemeji, kitako cha huu mti kiko wapi?"

Nikamwambia sijaelewa. Akasema mti wowote ukiuangalia pale unapoingia ardhini unatanuka, unaweka mguu kama wa tembo. Huu wako umeingia kama nguzo ya umeme. Huyu hapa kazikwa mpaka magotini. Leta sururu.

Tukiwa na nguo za harusi tukang'oa bloku kama ishirini. Chini mchanga, chini ya mchanga moramu iliyoshikana kama simenti, sururu inaruka. Tukafika kwenye udongo wa zamani, ule mweusi wa uwanja wa mama, na hapo ndo ikatoka harufu, harufu ya mtaro uliotuama. Mizizi myembamba ile, inayotakiwa kuwa myeupe au ya kahawia na ukiivunja ina unyevu, ilikuwa myeusi, ukiivuta gome linatoka kama soksi linabaki uzi wa katikati. Na cha ajabu, pembeni ya shina mti ulikuwa umejaribu kutoa mizizi mipya ndani ya kifusi, vijizizi vidogo vimepanda juu kutafuta hewa, vikagonga pevingi vikakunja. Hapo nilikaa chini na suti.

Shemeji alinieleza na baadae nikasoma mwenyewe, kwa hiyo nawapa kama nilivyoelewa. Sisi wengi tunadhani mti uko chini kama ulivyo juu, kwamba mizizi inashuka tu kwenda kutafuta maji kuzimu. Mwembe una mzizi mkuu unaoshuka ndiyo, mita kadhaa, lakini mizizi ya kulisha, ile inayofanya kazi ya kila siku, iko karibu na juu, kwenye nusu mita ya kwanza au zaidi kidogo, na inatambaa kwenda mbali kupita mwisho wa matawi, mara mbili hata tatu ya upana wa kivuli. Kwa hiyo mizizi ya mwembe wetu ilikuwa uwanja mzima na kwa jirani na chini ya barabara. Na mizizi inapumua. Inavuta oksijeni kutoka kwenye vitundu vya udongo. Ukiweka udongo juu yake, hata sentimita ishirini tu kwa mti mkubwa ni hatari, ukishindilia umeviziba vile vitundu, ukifunika na pevingi mvua nayo haiingii. Umeukaba koo na kuunyima maji kwa pamoja. Ila mti mkubwa haufi siku hiyo, una akiba, unaishi kwa akiba miaka miwili mitatu, mitano mpaka, ndo maana mtu anajenga leo, mti unakufa mwaka wa nne, hakuna anayeunganisha. Unaanzia juu kukauka kwa sababu kileleni ndo mbali zaidi kupeleka maji.

"Na zile embe nyingi?" nikamuuliza. Akacheka ile ya huruma. Mti ukijiona kwenye dhiki mara nyingi unamwaga maua na matunda, unawahi kuacha uzao. Zile embe tulizogawa mtaa mzima, mama mkwe na gunia lake, tulikuwa tunakula wosia.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili jioni nikabisha hodi kwa mzee wa reli. Sijawahi kubisha hodi nzito kama ile. Akanikaribisha, chai, nikazunguka zunguka weee, hali ya hewa, reli mpya, mwisho nikamwambia mzee mimi nilikuwa nakudhania vibaya kuhusu mwembe. Akanyamaza. Akaniambia, "Nilijua. Salamu zako zilikuwa baridi." Nikamtajia ile oili. Akauliza, ipi, ile ya pembeni ya shina? Akasema ile ni ya kwako mwenyewe, siku ile wanashindilia mashine yao ilivuja, kijana akaiegesha kwenye mti akaipekua pale, mimi nawaona kwa dirishani. Halafu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha ukuta. Ukuta una alama ya maji kama kimo cha goti, plasta imebanduka, na ufa. Tangu niweke pevingi mvua yote ya uwanja wangu, ambayo zamani ilikuwa inadondokea majani, inashuka shinani taratibu, inazama kwenye udongo, sasa inateleza kama kwenye sahani inakwenda kugonga msingi wake. Miaka minne. Hakusema kwa sababu, maneno yake, "nilidhani umefanya makusudi."

Kwa hiyo huyu ndo mtu niliyekuwa namsubiri.

Ukuta nilimtengenezea. Pevingi nikang'oa, siyo zote, nisidanganye, mke wangu alisema tope halirudi sebuleni labda arudi kwao. Tuliacha njia ya kupita na sehemu ya gari, kingine chote, zaidi ya nusu, kifusi kikatoka kwa toroli na udongo wa mama ukaona jua. Mvua ya kwanza ya Novemba mwaka ule nilisimama barazani kuangalia maji yanazama. Unaweza ukadhani ni kichaa, mtu kusimama kuangalia maji yanazama.

Kupanda nako nina la kusema maana nimekosea humo pia. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili, na kila halmashauri ina lengo la miti milioni moja na nusu kwa mwaka, sina ugomvi na hilo. Lakini ndugu zangu wa Tabora Aprili mvua inafunga mlango. Mche ukiuweka chini Aprili mosi, umepigwa picha na kiongozi, una wiki chache za unyevu halafu miezi sita ya kiangazi bila mtu mwenye ndoo. Ukipita Agosti unakuta fito za kuzuia mbuzi zimesimama zinalinda kijiti. Huku kwetu mti unapandwa Desemba ardhi ikishaloa, ili ukutane na kiangazi ukiwa na mizizi ya miezi minne mitano. Na lengo lingekuwa ni kuhesabu iliyo hai mwaka wa tatu, hizo namba zingetutoa jasho.

Mimi Desemba 2022 nilipanda miti mitatu. Mwarobaini nje barabarani, huo hauna maringo, ukishashika umeshika. Ndani nikapanda mninga, kwa tamaa tu ya kuwa na mti wa kwetu wa miombo, bila kujua kwamba mninga mchanga una tabia ya kukauka shina kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, miaka kadhaa hivyo, huku chini unajenga mzizi. Ulivyokauka Julai mke wangu akaung'oa akawashia jiko. Mzizi wake ulikuwa mnene kuliko kidole gumba. Tukaangaliana.

Wa tatu ni mwembe. Mbegu niliipata Nzega kwa dada, ana mwembe uliotokana na embe ya ungo wa mama, alikula akafukia kokwa mwaka alioolewa. Kama utamu utafanana sijui, mbegu ya embe ina mambo yake, lakini mimi nilitaka wa mbegu kwa makusudi, kwa sababu wa kubebesha unazaa mapema ila ni mfupi, na mimi nataka kivuli cha kukalisha wazee wa mahari. Kokwa ya embe haitunzwi, ikikauka inakufa, kwa hiyo niliitoa kwenye embe nikaifukia siku hiyohiyo palepale, mzizi mkuu ushuke bila kukatwa na kiriba. Shimo sentimita sitini kila upande, udongo wa juu nikautenga nikauchanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza. Kwa kiangazi tulifukia chungu cha udongo pembeni yake, kile cha kawaida cha sokoni kisichopakwa rangi, mdomo umetokeza nje na kifuniko, unajaza maji yanavuja taratibu kupitia udongo wake, mara mbili kwa wiki inatosha. Na nimeuachia duara la mita tatu halikanyagwi, halimwagwi kitu, majani makavu yanabaki hapohapo. Mke wangu hafagii duara. Ilichukua mazungumzo.

Kuna Mholanzi mmoja, Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa miti ya mijini, mwaka 2021 alitoa kipimo rahisi anakiita 3-30-300: kutoka nyumbani kwako uone angalau miti mitatu, mtaa wako vivuli vya miti vifunike asilimia 30, na bustani au eneo la kijani lisiwe mbali zaidi ya mita 300. Nikasimama mlangoni kwangu kujipima. Mwarobaini wa msikitini, mmoja. Mpera wa mzee, mbili. Mpapai wa mwalimu mtaa wa nyuma, lakini mpapai hauna hata mbao, nikaukataa. Asilimia 30, ukiangalia picha za setilaiti kwenye simu mitaa yetu ya zamani inakaribia kidogo kwa sababu ya miembe, ila ukienda viwanja vipya huko pembezoni ni bati na bati, watu wanasafisha kiwanja mpaka nyasi, halafu wakihamia wanapanda ashoki mbili getini, mti mzuri kwa picha, kivuli chake kinatosha kuku. Kuhusu mita 300, tuna uwanja wa mpira ambao kila mwaka unapungua kona, na hiyo ni makala nyingine, yenye majina.

Kilichobaki ni panga. Kila kiangazi hapa mtaani watu wanakata miti kipara, kila tawi linakatwa katikati yake, mti unabaki mikono imekatwa, wanasema unapunguzwa uzito. Kinachotokea machipukizi yanatoka mengi pale pale kwenye jeraha, marefu, yameshikilia gome tu, na miaka michache baadae ndo hayo yanadondokea bati la mtu kwenye upepo. Tawi linakatwa pale linapoungana na shina, nje kidogo ya ule uvimbe wa mkunjo, ndo mti unaweza kuziba kidonda wenyewe, na tawi kubwa unaanza kulikata chini yake kwanza ili lisichane gome likianguka. Nimemwonyesha kijana anayetukatia miti. Akasema hayo ni mambo ya watu wenye muda. Nikamlipa bei ya juu, muda ukapatikana.

Mwembe sasa umenizidi kimo. Mwezi uliopita nipo barazani nasikia hodi, mzee wa reli kasimama getini kwa fimbo yake, uso umekunjwa, mkono wa kulia kashika jani. Jani moja la mwembe, kavu.

"Mwanangu," akasema, "nimelikuta kwangu. Uchafu wako huu umeanza."

Akanikabidhi. Kabla sijajibu alikuwa ameshashikilia nguzo ya geti, anacheka mpaka anakohoa, mke wangu akatoka mbio na maji.